Maganda Juu ya Seng'enge

Katika kijiji chote kilichokaa juu ya Olenguruone, hakukuwa na mtu aliyechukia kwa bidii kama Jelagat. Watu wengine huchukia wanapopata nafasi. Yeye alichukia kwa ratiba, kama shule ya bweni: asubuhi kabla ya chai, mchana baada ya kulisha kuku, na jioni mara tu baada ya sala. Na aliyechukiwa kwa ratiba hiyo alikuwa mmoja tu, shemeji yake Kiplangat, mdogo wa marehemu mumewe, ambaye shamba lake lilipakana na la Jelagat.

Chuki hii ilikuwa na msingi imara, nao ulikuwa kisima. Kisima kilikuwa upande wa Kiplangat, chini ya mteremko, na tangu enzi za baba mkwe njia ya kwenda huko ilipita katikati ya mashamba yote mawili bila kuomba ruhusa ya mtu. Kisha mume wa Jelagat akafa, na kabla udongo wa kaburi haujakauka, Kiplangat akavuta seng'enge toka juu hadi chini, akaikata ile njia. Alisema ng'ombe wake wanatoroka. Ng'ombe mwenyewe alikuwa mmoja, mzee, na alikuwa hajawahi kutoroka hata kwenye mawazo yake. Tangu siku hiyo Jelagat alifuata maji kisimani kwa kuzunguka barabarani, kupita kanisani, kushuka bondeni na kupanda tena, mtungi mgongoni, akiburuta goti moja lililokuwa na maoni yake kuhusu safari nzima. Alimshtaki Kiplangat kwa mzee wa kijiji, akamshtaki kwa pasta, akamshtaki kwa Mungu. Wote watatu walisema watalitazama jambo hilo.

Zaidi ya chuki, Jelagat alikuwa na kuku. Walikuwa kuku wa kienyeji, wakubwa, wenye miguu ya kutembea na vifua vya kujivunia, na Wamuyu, mwenye hoteli kule Salgaa, alipanda mlima kila baada ya muda kuja kuwanunua, maana madereva wa malori hawataki kuku wa kizungu anayeyeyuka mdomoni kama mkate kwenye chai. Lakini kila kiangazi ulikuja ugonjwa wa kideri. Kuku alikosa nguvu, akaharisha kijani, shingo ikapinda akawa anatazama alikotoka, kisha akafa. Kideri kilipopita bandani, Jelagat alianza upya na wawili watatu waliobaki.

Ndiyo sababu Daktari Ooko alipofika kijijini akitafuta mfugaji wa kumsaidia katika majaribio, Jelagat alikubali kabla hajamaliza kusalimia.

Ooko alitoka kituo cha utafiti huko chini Nakuru. Alikuja na gunia la viazi na maelezo marefu.

"Mama, hiki si kiazi cha kawaida," alisema. "Tumechukua kipande kidogo cha kirusi cha kideri, kipande tu, hakiwezi kuambukiza, tukakitia ndani ya chembe za urithi za kiazi. Kiazi kinapokua, kinakitengeneza chenyewe. Kuku akila, mwili wake unajifunza sura ya adui. Kideri halisi kikija, kinapata kuku anakijua."

"Kwa hivyo hakuna sindano?"

"Chanjo ni chakula. Lakini sheria ni tatu, mama, tafadhali. Moja, menya ganda, uzike kwenye shimo refu, kwa sababu hivi viazi ni vya majaribio na havitakiwi kuzagaa. Mbili, hawa kuku hawauzwi wala hawaliwi mpaka tumalize. Tatu, na hii ndiyo kubwa: wape vibichi. Katakata, wape. Ukivipika, moto unaharibu chanjo yote. Unabaki na kiazi tu."

"Nimesikia," Jelagat alisema, kwa sauti ya mtu ambaye masikio yake yamefanya kazi na kichwa bado kinatafakari.

Habari zilimfikia Kiplangat kabla Ooko hajafika barabara ya lami. Jumapili hiyo, waumini walipokuwa wanasalimiana nje ya kanisa, alipanda kwenye ngazi ya mlango, akakohoa kikohozi cha mkutano.

"Wapendwa, mmesikia ya kwa shemeji yangu, Mama Jonah? Viazi vya GMO! Viazi vyenye ugonjwa ndani! Leo ni kuku, kesho ni sisi. Mimi nawaambia, kuku aliyekula hicho kitu ni sumu. Hata jogoo wake atataga."

"Jogoo akitaga kwangu, shemeji," Jelagat akajibu kutoka chini, "yai la kwanza nitakuletea wewe, maana huna lako."

Watu walicheka. Hilo ndilo lililomuuma Kiplangat. Akashuka ngazi moja, kisha akapandisha sauti ngazi mbili.

"Basi nasema mbele ya pasta! Kiazi hicho kikiokoa kuku hata mmoja, kideri kikija, naikata seng'enge yangu na njia ya kisima unapewa."

"Na kisipookoa?"

"Kisipookoa, njia hiyo huitaji tena mpaka siku ya kuzikwa kwako. Hata kwenye maombi."

Pasta, aliyekuwa amechoka na kisima hicho kuliko mtu yeyote, aliwashikanisha mikono papo hapo. Walishikana kama watu wanaopima nani ana kiganja kigumu zaidi.

Kesho yake Jelagat alimenya viazi, akavikatakata vibichi kama alivyoagizwa, akavimwaga mbele ya kuku. Wakakusanyika. Wakadonoa. Wakaacha. Kisha wakamtazama kama wanafunzi walioletewa maharagwe yenye wadudu, wakiwa na heshima lakini bila matumaini.

Upande wa pili wa seng'enge, Kiplangat alikuwa ameegemea nguzo, akitafuna kijiti.

"Kwani kuni zimeisha, Mama Jonah? Nikutupie hata kijiti hiki?"

Jelagat aliwaita kuku tena.

"Viazi vibichi! Haki kaka yangu angeona. Hata mbwa wangu namchemshia. Ama ni uvivu tu umeingia?"

Hapa ni lazima jambo moja lieleweke. Katika milima ile, hakuna mwenye nyumba anayempa mnyama kiazi kibichi. Viazi vidogo visivyofaa sokoni huchemshwa kwenye sufuria kubwa nyeusi, hupondwa, huchanganywa na pumba, hupoa, ndipo nguruwe au kuku hula. Mama yake Jelagat alifanya hivyo, na mama wa mama yake. Mwanamke anayelisha vibichi ni mwanamke ambaye hata chai yake watu huinywa kwa tahadhari. Kumwita Jelagat mwizi kungekuwa ni matusi. Kumwita mvivu kulikuwa ni vita.

Alivumilia siku hiyo, na kesho yake. Siku ya tatu Kiplangat alileta watu wawili kutoka dukani waje waone, akawaonyesha vipande vyeupe vilivyotapakaa uwanjani, vikianza kuwa vyeusi kwa jua.

"Muone wenyewe," alisema kwa huzuni ya uongo. "Tangu afiwe, hata kuwasha jiko hawezi."

Jelagat aliingia jikoni. Akawaza. Daktari Ooko ni mwanamume, na mwanamume akisema chakula kisipikwe, ni kwa sababu hajui kupika. Kuku wenyewe wamekataa vibichi, na chanjo isiyoliwa ni chanjo gani? Hata dawa za hospitali hupitia joto la tumbo. Kwa mantiki hii, ambayo ingempatia sifuri katika mtihani wowote wa sayansi lakini aliiona imenyooka kama rula, alitoa sufuria nyeusi, akajaza viazi vilivyomenywa, akawasha moto mkubwa wenye moshi wa kuonekana mpaka dukani.

Kuku walikula mpaka wakahema.

Maganda yalibaki. Shimo la Ooko lilikuwa nyuma ya choo, refu, na goti halikulipenda. Seng'enge ilikuwa hapo karibu. Jelagat alimenya viazi kwa hasira, kwa hiyo ganda lake lilikuwa nene, lenye nyama ya kiazi, na asubuhi hiyo alijaza beseni, akatembea mpaka mpakani, akayamwaga yote upande wa Kiplangat kwa mikono miwili, kama mtu anayetoa sadaka.

"Kijiti chako nimekirudisha, shemeji!" aliita.

Iligeuka ibada. Kila alfajiri alichemsha, na kila alfajiri akamwaga maganda juu ya seng'enge, yakiwa bado na maji. Kiplangat alitukana akachoka. Kuku wake hawakuchoka. Kiplangat aliwafuga kuku kwa imani tu, bila chakula, na viumbe wale walipoona rundo la maganda mabichi limeshuka kutoka mbinguni hawakuuliza maswali. Walikuja mbio kabla beseni halijainuliwa. Jelagat aliwaona wakidonoa, akafurahi, kwa sababu aliamini anawalisha takataka kuku wa adui yake.

Ooko alipokuja kuleta gunia jipya, aliuliza, "Mama, unawapa vibichi?"

"Vibichi kama vilivyotoka kwa Mungu."

"Maganda?"

"Yameshazikwa na pasta alisali."

Ooko akaandika, akashukuru, akashuka mlima. Sufuria ilikuwa na kifuniko.

Januari ikaja na upepo wake mkavu. Kiplangat alinunua jogoo kwa bei ya kutupa katika soko la Olenguruone, na jogoo aliyeuzwa kwa bei ya kutupa huwa ameshatupwa na mtu. Baada ya siku chache shingo yake ilipinda. Kiplangat haraka akawachanganyia kuku wake maji ya shubiri na pilipili, dawa aliyorithi kwa babake. Jogoo mwenyewe akafa. Kiplangat alimbeba kwa miguu, akaangalia kushoto na kulia kama mtu anayevuka barabara, akamrusha juu ya seng'enge. Mzoga ulianguka katikati ya uwanja wa Jelagat kwa kishindo kidogo.

Jelagat alikuwa mlangoni mwa jikoni. Aliona yote.

Mtu mwingine angekimbia na mafuta ya taa akauchoma mzoga ule. Jelagat alikunja mikono.

"Umenisaidia, shemeji!" alipaza sauti. "Daktari alikuwa anangoja kideri kije. Mwache hapo hapo! Kuku wangu watamruka kama kamba!"

"Tutaona watakavyoruka!" Kiplangat akajibu kutoka nyuma ya banda lake.

Kuku walimzunguka jogoo yule, wakamdonoa manyoya, wakaenda zao. Siku tatu Jelagat alitembea kama mke wa gavana. Siku ya nne tetea wake mkubwa, aliyekuwa ametaga bila kukosa tangu mvua ndefu, alisimama pembeni ameinamisha kichwa. Jioni shingo yake ilianza kugeuka. Kisha wakawa watatu. Kisha banda zima. Jelagat alikaa kwenye kiti kifupi katikati yao, akiwaita majina yao, akiwanywesha maji kwa kijiko, nao wakimtazama kwa upande mmoja kwa sababu hawakuweza tena kutazama kwa mwingine. Hakulia. Alitukana tu, kwa sauti ya chini, kila kitu kilichowahi kumea chini ya ardhi.

Ooko alifika akakuta marundo ya mizoga. Alivua kofia.

"Mnafiki mkubwa!" Jelagat akamrukia. "Kiazi chako! Sura ya adui! Adui amekuja, amepita, hakuna kuku aliyemjua!"

"Pole sana, mama. Pole." Ooko alichuchumaa, akaangalia kuku mmoja, kisha mwingine, kisha macho yake yakasafiri polepole mpaka jikoni, yakatua kwenye sufuria nyeusi, iliyokuwa na utandu wa viazi ukingoni. Mtazamo ule ulikuwa mbaya kuliko fimbo ya naibu mwalimu mkuu.

Na papo hapo, ng'ambo ya seng'enge, jogoo wa zamani wa Kiplangat akawika.

Jelagat aligeuka. Kuku wa Kiplangat walikuwa wakichakura kwenye rundo la maganda, wote, wazima, vifua mbele, shingo zimenyooka kama za askari wa gwaride. Walikuwa wameishi na jogoo mgonjwa banda moja. Hakuna aliyepinda hata ukucha.

Kuelewa kulimjia Jelagat kama ndoo ya maji baridi saa kumi na moja asubuhi. Alisimama akiwa ameshika kiuno. Kama angenyamaza, hakuna ambaye angejua alichemsha; kijiji kingesema GMO imeua kuku, kingemhurumia, na njia ya kisima ingefungwa mpaka siku ya kuzikwa kwake. Kama angesema, angekuwa mwanamke aliyewaua kuku wake kwa sufuria yake mwenyewe na kumwongopea daktari machoni. Kukiri kosa ni kitu ambacho Jelagat hakuwahi kujaribu, kama vile kuogelea. Goti lilimuuma. Nadhani ni goti lililoamua.

"Niliwachemshia," alisema.

"Nimeona, mama."

"Na maganda sikuzika. Niliyatupa kule. Mabichi. Kila asubuhi." Alinyoosha kidole juu ya seng'enge. "Wale ndio waliokula kiazi chako. Wapime damu."

Ooko alitazama kidole, akatazama kuku, na kwa mara ya kwanza tangu afike alionekana kama mtu aliyeokota kitu barabarani. Kumwomba Kiplangat ruhusa hakukuwa na shida. Kiplangat alifungua lango mwenyewe.

"Pima! Pima hata mimi! Utakuta shubiri na pilipili na neema ya Bwana. Hakuna GMO katika boma hili!"

Ooko alitoa damu chini ya mabawa, akaondoka. Aliporudi na majibu, alimkuta Kiplangat katika saa yake ya utukufu. Wamuyu wa Salgaa alikuwa amepanda mlima na kuambiwa kwamba kuku wa Jelagat wamekwisha, na sasa Kiplangat alikuwa anamfungia kuku wake miguu wawili wawili. Pasta alikuwepo, maana Kiplangat alimwita aje ashuhudie mwisho wa habari ya kisima. Jelagat alisimama upande wake wa seng'enge, ametulia kama mamba.

"Kuku safi, Wamuyu," Kiplangat alikuwa anasema. "Hawa hawajaonja sumu ya mtu. Nilikwambia, anayekula kile kiazi ni wa kutupa."

"Hiyo ndiyo nataka," alisema Wamuyu. "Wateja wangu wakisikia GMO hata supu wanarudisha."

"Samahani, boss," Ooko aliingilia. "Usiwafunge."

"Kwa nini?"

"Tulitia alama yetu kwenye kile kipande kilicho ndani ya kiazi. Alama hiyo haipatikani kwa kideri cha kawaida, wala kwa shubiri. Damu ya kuku wako wote inaitambua. Walikula viazi vyetu, na wamekula vya kutosha. Ndivyo vilivyowaokoa."

Kiplangat aliangua kicheko. Hakuna aliyemsaidia kucheka, kikaisha chenyewe.

"Kuku wangu? Nani aliwapa?"

"Mimi," alisema Jelagat kutoka seng'engeni. "Kila asubuhi. Bure."

Kiplangat aliligeukia rundo la maganda. Wamuyu naye alilitazama, kisha akafungua mikono, na kuku wawili aliokuwa ameshika wakaanguka chini wakipiga kelele.

"Mimi nashuka," alisema Wamuyu. "Umeniambia mwenyewe ni sumu."

"Ngoja kwanza, Wamuyu! Si sumu hivyo! Nilikuwa nasema tu..."

"Hata hivyo huwezi kuwauza," Ooko aliongeza kwa upole. "Ndege wa majaribio hawauzwi wala hawaliwi. Nitawapeleka wote kituoni. Utaletewa vifaranga wengine."

Kiplangat alitafuta mtu wa kumtupia hasira, na hakulazimika kutafuta mbali.

"Kwa hivyo wewe ndiye uliua kuku wako! Kwa mkono wako! Kwa sufuria yako!"

"Ndiyo," alisema Jelagat. "Niliua wangu, nikaponya wako. Sasa seng'enge."

Wote walimgeukia pasta. Pasta aliangalia juu, labda kutafuta msaada, hakuupata.

"Ulisema kuku hata mmoja, ndugu Kiplangat," alisema. "Hukusema wa nani. Tulisikia wote."

Kiplangat alileta koleo. Alikata uzi wa kwanza, akatema mate. Alikata wa pili, akataja jina la marehemu kaka yake kwa namna isiyopendeza. Aliendelea hivyo hadi wa mwisho, na alipomaliza, kulikuwa na pengo. Lilikuwa pengo dogo kuliko yote yaliyowahi kuitwa njia: nguzo mbili, na kati yake nafasi ya mtu mmoja aliyekonda, akipita kwa ubavu.

"Njia ndiyo hiyo," alisema. "Upana hatukuuzungumzia."

"Inatosha," alisema Jelagat.

Na ilitosha. Mpaka leo Jelagat hupita hapo kila alfajiri, akiwa amejigeuza ubavu, na mtungi mtupu wa bati mgongoni hugonga nguzo ya Kiplangat, dirishani kabisa mwa chumba anacholala. Angeweza kuubeba mkononi. Akirudi hugonga tena, ukiwa umejaa, kwa sauti nzito zaidi, huku akiimba wimbo wa shukrani kwa beti zote.

Ooko amemletea vifaranga wapya na gunia jipya, maana, alisema, kituo hakijawahi kupata mfugaji anayejua makosa yote kwa vitendo. Kiplangat naye alipata vifaranga wake. Asubuhi husimama seng'engeni akitazama Jelagat akikatakata viazi vibichi mbele ya uwanja mzima bila haya, na vifaranga wake husimama naye, wakinyoosha shingo, wakingoja.

Sufuria nyeusi imefunikwa juu ya kichanja. Maganda Jelagat huyabeba mwenyewe, goti likilalamika, mpaka shimoni nyuma ya choo. Huyatia yote, hufukia, hukanyaga, kisha huviringisha jiwe juu yake. Ooko alimsifu kwa kufuata sheria. Jelagat hakumwambia kwamba sheria haihusiki. Anachotaka ni kuhakikisha kwamba kideri kikirudi, hakuna mdomo hata mmoja wa upande ule utakaopata msaada kutoka kwake.